Kabla ya Shakespeare Kulikuwa na Soko: Kweli na Uongo Kuhusu Mji wa Stratford-upon-Avon

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamemjua William Shakespeare kupitia lugha yao wenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akatupa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. S. S. Mushi naye alituletea Makbeth na Tufani. Kazi hizo zimesomwa, zimefundishwa na kuigizwa shuleni kwa miaka mingi. Mji alikotoka mwandishi, hata hivyo, wengi wetu tunaujua kwa habari za kusikia: kijiji cha nyumba za mbao, mto wenye batamaji, na kipaji kilichozuka pasipo chanzo.

Stratford-upon-Avon ni mji wa soko. Uko katika mkoa wa Warwickshire, katikati ya Uingereza, takriban kilomita 35 kusini mwa Birmingham, ukingoni mwa mto Avon. Una wakazi wapatao 30,000, na soko lake limepita umri wa miaka 800. Naamini kwamba asiyelijua soko hilo na mto huo hajaujua mji, na hata Shakespeare mwenyewe anamjua nusu tu. Kwa sababu hiyo, tuzipime moja moja kauli zinazosemwa sana kuhusu Stratford.

1. "Stratford ya Shakespeare ndiyo ile ya Olimpiki ya 2012."

Si kweli. Viwanja vya Olimpiki vilijengwa katika Stratford ya mashariki mwa London. Stratford-upon-Avon iko takriban kilomita 150 kaskazini magharibi mwa jiji hilo. Mgeni anayekata tiketi ya treni alisome jina lote kabla ya kulipa.

Hata jina la mto huwachanganya watu, kwa kuwa Uingereza ina mito kadhaa iitwayo Avon. Huu wa Stratford hutiririka kuelekea kusini magharibi hadi mji wa Tewkesbury, ambako hujiunga na mto Severn. Avon unaopita Bristol ni mto mwingine kabisa.

2. "Mji huu ulikua wenyewe, kidogo kidogo, kutoka kijiji cha wakulima."

Si kweli. Mji ulipangwa, ukapimwa viwanja na kutangazwa kwa wateja. Mwaka 1196 John wa Coutances, Askofu wa Worcester aliyekuwa mwenye ardhi hiyo, alipata kwa Mfalme Richard wa Kwanza ruhusa ya kuendesha soko kila wiki. Palikuwa tayari na makazi ya zamani karibu na kanisa. Askofu aliyaacha yalipo, akapima mji mpya kando yake: mitaa iliyonyooka, mingine sambamba na mto, mingine ikiikata.

Kila kiwanja kilikuwa na urefu wa mita 60 na upana wa mita zipatazo 17. Kodi ilikuwa shilingi moja kwa mwaka. Aliyekipata alikuwa mtu huru: hakuwajibika kumlimia bwana shamba kama wakulima wa vijijini, na aliweza kuuza au kurithisha alichojenga. Kwa mtu wa karne ya 12, huo ulikuwa mwaliko mzito. Mafundi na wachuuzi walihamia kutoka vijiji vya jirani, na kufikia 1252 viwanja vilivyokaliwa vilikuwa takriban 240.

Anayetembea mjini leo bado anauona mpango ule wa askofu. Kanisa la Holy Trinity liko pembeni, mbali na mitaa ya maduka, kwa sababu lilikuwa la makazi yale ya kale. Mtaa unaokwenda huko unaitwa Old Town mpaka sasa.

3. "Riziki ya Stratford ililetwa na Shakespeare."

Si kweli. Shakespeare alipozaliwa, soko lilikuwa limeshaulisha mji kwa zaidi ya miaka 360. Siri ilikuwa mahali penyewe. Kaskazini mwa mto palikuwa na Arden, nchi ya misitu na malisho, yenye mbao, ng'ombe na ngozi. Kusini palikuwa na Feldon, nchi ya mashamba ya nafaka. Watu wa pande hizo mbili walihitajiana, na kivuko cha Stratford kiliwakutanisha.

Majina ya mitaa ni ushahidi ulio wazi. Kondoo waliuzwa Sheep Street. Ng'ombe waliuzwa Rother Street, na hadi leo wachuuzi hupanga meza zao katika mtaa huo huo. Henley Street ni barabara ya kuelekea mji wa Henley-in-Arden, na Bridge Street inashuka darajani. Waliofanya kazi za ngozi walikuwa wengi, ila shughuli iliyotia fora katika karne ya 16 ilikuwa kutengeneza kimea cha shayiri kwa ajili ya pombe. Ghala la kimea lilikuwa kitu cha kawaida nyuma ya nyumba ya mtu mwenye uwezo.

4. "Daraja la mawe lilikuwa zawadi ya mfalme."

Si kweli. Lilijengwa na mwana wa eneo hilo aliyetajirikia London. Hugh Clopton alizaliwa karibu na Stratford, akaenda London kufanya biashara ya vitambaa, na mwaka 1491 akawa Meya wa jiji hilo. Mpaka wakati wake, mto ulivukwa kwa daraja dhaifu la mbao. John Leland, msafiri aliyeandika habari za miji ya Uingereza katika karne ya 16, alieleza kwamba maji yalipojaa, wengine waliacha kabisa kuja Stratford na wengine walivuka kwa kuhatarisha maisha. Mji wa soko ambao watu wanaogopa kuuendea unakufa.

Clopton, aliyefariki mwaka 1496, aligharimia daraja la mawe lenye matao 14. Magari yanapita juu yake mpaka leo.

Nguvu ya mto huo inasimuliwa vizuri na rejista ya parokia ya Welford, kijiji cha jirani. Julai 1588 mvua ilinyesha hata Avon ukapanda kwa kasi ya ajabu. Watu watatu walikuwa wakilivuka daraja la Stratford. Walipofika katikati waliona hawawezi kuendelea mbele, na walipogeuka kurudi, maji yalikuwa yameshafunga njia waliyotoka nayo. Ncha zote mbili za daraja zilibomolewa na mafuriko hayo. Mwaka 1645, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, tao moja lilivunjwa na upande wa Bunge ili kuwazuia wapinzani. Kila lilipoharibika, mji ulilitengeneza, kwa maana kila mtu alijua kwamba bila daraja hakuna soko.

5. "Shakespeare alizaliwa tarehe 23 Aprili 1564."

Haijathibitishwa. Kilichoandikwa ni ubatizo wake: tarehe 26 Aprili 1564, kwa Kilatini, katika rejista ya kanisa la Holy Trinity. Tarehe 23 ilichaguliwa na watu wa baadaye kwa sababu inaendana na desturi ya kubatiza watoto upesi, ni sikukuu ya Mtakatifu George, msimamizi wa Uingereza, na tena ndiyo tarehe aliyofariki mwaka 1616.

Rejista hiyo hiyo ina habari nzito kuliko mjadala wa tarehe. Mwezi Julai mwaka ule ule wa 1564, mwandishi alitia alama pembeni mwa jina la marehemu mmoja kwamba tauni imeanza. Kabla ya mwaka kwisha, zaidi ya watu 200 walikuwa wamezikwa katika mji uliokuwa na wakazi wapatao 1,500. Mtoto William alikuwa na miezi mitatu. Ndugu zake wawili wa kike waliomtangulia walikuwa wamekufa wakiwa wachanga. Kuishi kwake kulikuwa bahati ambayo nyumba nyingi za mji huo hazikuipata.

6. "Baba yake alikuwa maskini asiye na nafasi, na mtoto hakusoma."

Si kweli. John Shakespeare alikuwa fundi wa ngozi laini na mshona glavu, na mafundi wa glavu walikuwa na sehemu yao maalumu sokoni. Jina lake linaonekana kwanza katika kumbukumbu za mji mwaka 1552, alipotozwa faini ya shilingi moja kwa kurundika taka Henley Street. Kutoka hapo alipanda ngazi: akawa mkaguzi wa pombe, akaingia baraza la mji, na mwaka 1568 akawa mkuu wa mji, cheo ambacho leo tungekiita umeya.

Kando ya glavu, alinunua sufu na kukopesha fedha. Sheria ya wakati huo iliwazuia watu kama yeye wasifanye biashara ya sufu, na riba nayo ilikuwa na mipaka yake. Katika miaka ya 1570 alishtakiwa kwa yote mawili. Baadaye mambo yake yaliharibika, akaacha kuhudhuria vikao vya baraza. Anayeijua Mabepari wa Venisi, tamthilia ya wafanyabiashara, mkopo na mkataba unaofikishwa mahakamani, ajue kwamba mwandishi wake alitoka katika nyumba iliyowahi kushtakiwa kwa riba.

Kuhusu elimu, hati ya Mfalme Edward wa Sita ya mwaka 1553 iliupa mji baraza lake na kuiimarisha shule yake. Mwalimu alilipwa pauni 20 kwa mwaka, mshahara mzuri kwa wakati huo, na mji ulipata walimu waliosoma Oxford. Wanafunzi walifundishwa Kilatini kutwa nzima. Rejista za wanafunzi wa miaka hiyo zimepotea, lakini mtoto wa mjumbe wa baraza alikuwa na haki ya kusoma hapo bila ada, na darasa lenyewe, ghorofani katika jumba la kale la chama cha udugu cha Holy Cross, bado lipo.

7. "Alipofanikiwa London, aliusahau mji wake."

Si kweli hata kidogo. Fedha alizopata London alizipeleka nyumbani. Mwaka 1597 alinunua New Place, moja ya nyumba kubwa kabisa za Stratford, iliyojengwa na Hugh Clopton yule yule wa daraja. Mwaka 1602 alinunua ekari 107 za shamba kwa pauni 320. Mwaka 1605 alilipa pauni 440 kupata haki ya kukusanya sehemu ya zaka za nafaka za eneo hilo. Hayo ni matendo ya mtu anayejua kwamba atarudi.

Kuna hati mbili za mwaka 1598 zinazomwonyesha kwa karibu. Mavuno yalikuwa mabaya kwa miaka kadhaa, bei ya chakula imepanda, na serikali ikaagiza wenye ghala wahesabiwe. Katika orodha ya Februari mwaka huo, Shakespeare ameandikwa kuwa na kimea kinachofikia zaidi ya madebe 140. Hakuwa peke yake: majirani zake wenye uwezo walikuwa na akiba kama yake, na wengine iliyozidi. Haipendezi kusoma habari hiyo wakati tunajua maskini walikuwa na njaa, lakini inamweka mahali pake, miongoni mwa wafanyabiashara wa mji wa kimea.

Hati ya pili ni barua. Moto uliteketeza sehemu kubwa za mji mwaka 1594, ukarudi 1595. Richard Quiney, mfanyabiashara na mjumbe wa baraza, alitumwa London kuiomba serikali iupunguzie mji kodi. Akiwa huko aliishiwa fedha. Mwezi Oktoba alimwandikia Shakespeare kumwomba amsaidie kupata mkopo wa pauni 30. Barua hiyo ilikutwa katika makaratasi ya Quiney mwenyewe, na ndiyo barua pekee aliyoandikiwa Shakespeare iliyosalia duniani. Haina neno hata moja kuhusu ushairi. Miaka 18 baadaye, Thomas mwana wa Quiney alimwoa Judith binti wa Shakespeare.

8. "Alizikwa mbele ya madhabahu kwa heshima ya ushairi wake."

Si kweli. Ni zaka zilizompa nafasi hiyo. Mwenye haki ya zaka alihesabiwa kuwa na wajibu wa kulitunza eneo la madhabahu la kanisa, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kuzikwa humo. Alizikwa Holy Trinity, mita chache kutoka mtoni, tarehe 25 Aprili 1616. Sifa za mshairi ziliwekwa ukutani baadaye kwa sanamu yake, ambayo inamwonyesha akiwa na kalamu. Kaburi lenyewe alilipata kama mwenye mali wa Stratford.

9. "Nyumba zote za Shakespeare zipo kama alivyoziacha."

Ni nusu kweli, na hapa pana mengi ya kueleza.

New Place haipo. Katikati ya karne ya 18 ilikuwa mikononi mwa kasisi Francis Gastrell, aliyechoshwa na wageni waliokuja kuutazama mforosadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare mwenyewe. Mwaka 1756 aliukata. Mwaka 1759, baada ya kugombana na mji kuhusu kodi, aliibomoa nyumba yote. Watu wa mji walimkasirikia mno, naye akahama. Fundi saa mmoja, Thomas Sharpe, alinunua mbao za mti ule akatengeneza vikasha na vikombe vya kuuzia wageni. Leo mgeni anakuta bustani mahali pa nyumba.

Nyumba ya kuzaliwa, iliyoko Henley Street, ipo, ila sura yake ya sasa ni ya karne ya 19. Kwa muda mrefu upande mmoja ulikuwa nyumba ya wageni yenye kilabu, na mwingine ukawa bucha. Iliponadiwa mwaka 1847, michango ya umma ilifikisha pauni 3,000 ikanunuliwa ili ihifadhiwe. Kisha nyumba zilizogusana nayo zikabomolewa kuikinga na moto. Picha tunayoiona kwenye kadi, ya nyumba iliyosimama peke yake kwenye bustani, mtoto William hakuijua. Yeye alizaliwa katika nyumba iliyobanana na za majirani, kwenye mtaa wa biashara, na karakana ya glavu ikiwa humo humo.

Nyumba inayoitwa ya Anne Hathaway, mke wake, iko Shottery, mwendo mfupi nje ya mji. Haikuwa mali ya Anne wala ya mumewe. Ilikuwa nyumba ya shamba ya baba yake, na ina vyumba 12.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa katika kijiji cha Wilmcote. Tangu mwishoni mwa karne ya 18, kwa maneno ya John Jordan, mtu wa eneo hilo aliyependa kuwaongoza wageni, watu waliamini kwamba jengo moja zuri la mbao lilikuwa nyumba ya Mary Arden, mama yake Shakespeare. Wageni walilizuru kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 2000 uchunguzi wa hati ulionyesha kwamba lilikuwa la jirani aitwaye Adam Palmer. Nyumba halisi ya akina Arden ilikuwa ile ya kawaida ya pembeni, ambayo watu walikuwa wakiipita tu. Wanaohifadhi majengo hayo walilitangaza kosa hilo na kubadilisha mabango, nami nawapongeza. Historia inalindwa na watu walio tayari kuisahihisha.

10. "Chuo Kikuu cha Harvard kina asili yake katika mji huu."

Kweli kwa upande mmoja. Katika High Street ipo nyumba yenye nakshi nyingi ubaoni, iliyojengwa mwaka 1596 baada ya ule moto. Mwenyewe alikuwa Thomas Rogers, mchinjaji na mfanyabiashara. Binti yake Katherine aliolewa na mtu wa London, akamzaa John Harvard, ambaye urithi wake ulikipa chuo hicho cha Marekani jina lake. Urithi wa mtu wa soko ulisafiri mbali.

11. "Mji wa Shakespeare umeipenda michezo ya kuigiza siku zote."

Si kweli. Mwanzo ulikuwa mzuri: John Shakespeare alipokuwa mkuu wa mji, baraza liliwalipa waigizaji wasafirio, na hayo ndiyo malipo ya kwanza ya aina hiyo katika vitabu vya mji. Lakini imani kali ya Kiprotestanti ilipopata nguvu, mambo yaligeuka. Desemba 1602 baraza lilipiga marufuku maigizo katika majengo yake na kuweka faini ya shilingi 10 kwa mjumbe atakayeruhusu. Mwaka 1612 faini ilipandishwa hadi pauni 10. Mwaka 1622 kikundi cha waigizaji wa Mfalme, kile kile alichokuwemo Shakespeare, kilifika Stratford, na baraza likakilipa shilingi sita ili kisiigize katika ukumbi wake. Shakespeare mwenyewe alikuwa amefariki miaka sita kabla ya hapo, na alikuwa amezikwa mwendo mfupi kutoka ukumbini.

Sherehe kubwa ya kwanza ya kumkumbuka ilifanyika Septemba 1769, ikiongozwa na mwigizaji mashuhuri David Garrick. Mvua ilinyesha, Avon ukafurika, maandamano yakafutwa. Katika sherehe nzima haikuchezwa hata tamthilia yake moja.

Jumba la kuigizia la kumkumbuka Shakespeare lilifunguliwa mjini tarehe 23 Aprili 1879 tu. Fedha na ardhi vilitolewa na Charles Edward Flower, wa familia yenye kiwanda cha bia kilichoanzishwa hapo mwaka 1831. Kimea kile kile kilichokuwa kimeulisha mji kwa karne nyingi ndicho kilichomrudisha Shakespeare jukwaani kwao.

12. "Jumba la kuigizia lililofuata lilisanifiwa na mwanamke."

Kweli. Jumba la mwaka 1879 liliungua Machi 1926. Katika shindano la kusanifu jipya, lililovutia washiriki zaidi ya 70, mshindi alikuwa Elisabeth Scott, aliyekuwa na umri wa miaka 29. Jengo lake la matofali lilifunguliwa ukingoni mwa mto tarehe 23 Aprili 1932, likiwa la kwanza miongoni mwa majengo makubwa ya umma ya Uingereza kusanifiwa na mwanamke. Lilikarabatiwa sana na kufunguliwa upya mwaka 2010, na sasa ndilo makao ya Royal Shakespeare Company.

13. "Mto Avon ni pambo tu la mji."

Si kweli. Katika miaka ya 1630 William Sandys aliufanya mto upitike kwa vyombo vya mizigo kutoka Severn hadi Stratford, kwa kujenga mabwawa na malango ya maji. Mwaka 1816 mfereji uliochimbwa kutoka upande wa Birmingham ulifika mjini, na makaa ya mawe yakaanza kuja kwa matishari. Mwaka 1826 ikafunguliwa reli ya mabehewa ya kuvutwa na farasi hadi Moreton-in-Marsh, takriban kilomita 26. Daraja lake la matofali bado linavusha waenda kwa miguu, na behewa moja limehifadhiwa karibu yake.

Treni za mvuke ziliua biashara hiyo. Katika miaka ya 1870 sehemu ya juu ya mto iliachwa, malango yakabomoka. Iliyoifufua ni kazi ya kujitolea. David Hutchings aliongoza watu wa kila namna, wakiwemo wafungwa na askari, kwanza kuufungua mfereji mwaka 1964, kisha mto wenyewe mwaka 1974. Boti zinazopigwa picha na wageni leo zinapita hapo kwa jasho la watu hao.

14. "Zamani watu waliajiriwa barabarani, kwenye gulio la mwaka."

Kweli. Kila Oktoba, vijana waliotafuta kazi ya shamba au ya ndani walisimama mitaani wakiwa na alama ya kazi yao: mchunga kondoo na kishungi cha sufu, mtumishi wa ndani na kifaa cha usafi. Mwajiri alichagua, wakaelewana ujira, akatoa kishika uchumba cha sarafu, na mkataba wa mwaka ukafungwa. Siku chache baadaye palikuwa na gulio dogo la pili kwa walioona bwana waliyempata hafai. Uajiri huo umekwisha, ila gulio linafanyika bado mwezi huo katika mitaa hiyo hiyo, sasa likiwa na bembea na michezo ya watoto.

Hukumu

Ukiziweka kauli hizi pamoja, nyingi zinakosea kwa njia moja: zinamtanguliza mshairi, kisha mji unafuata nyuma yake. Ushahidi unaonyesha kinyume. Askofu alipima viwanja, mfanyabiashara wa vitambaa akajenga daraja, wachuuzi wakajaza mitaa, na baraza la mafundi na wauza kimea likaendesha shule. Ndipo akatokea mtoto wa mshona glavu aliyejua bei, deni, mkataba na njaa kabla hajajua jukwaa. Kusema hivi hakumpunguzii chochote. Kunawapa haki yao watu wa kawaida waliomlea.

Walimu wa fasihi, mnapoifungua Mabepari wa Venisi darasani, waambieni wanafunzi kwamba mwandishi wake alitoka sokoni, kama wengi wao wanavyotoka. Na wewe msafiri, siku ukijaliwa kufika Stratford, anza Rother Street penye meza za wachuuzi, shuka ulivuke daraja la Clopton kwa miguu, kisha ndipo uende Henley Street kupanga foleni na wenzako.